Kiuno cha Lorene

Basi la mji wa Akron lilikuwa limejaa wafanyakazi wa kiwanda cha keki, na Wilma alikuwa akifoka, sukari ingali midomoni.

"Shoga, wametupima viuno kama mafundi cherehani! Eti mimi mnene, nikatwe pesa ya bima ya afya mara mbili ya wenzangu. Keki si wanatulisha wenyewe?"

"Mgonjwa alipe zaidi, kosa liko wapi?" akasema Lorene, mwenzake wa kiti kimoja. "Mimi wamenipunguzia, na pongezi juu."

"Haya, mwenye kiuno cha nyigu, nipe siri."

Lorene akageukia dirisha. "Tangu Pasaka, nikila natapika damu."

Wilma akamshika bega. "Mungu wangu! Daktari kasemaje?"

"Nimwone, halafu kazini wajue?" Lorene akavuta kamba ya kengele, basi likasimama, akashuka.