Nyama ya Kubembeleza

Njooni karibu, wanangu, Kitonga na Kathini, na mchungaji angoje hapo nje kwanza, maana akianza kuomba mimi nitalala, na sijamaliza na nyinyi. Wacheni kuangaliana. Mama yenu Kalondu bado ana akili zake zote.

Kitonga, nimesikia unataka kukata ile mipapai nyuma ya hoteli yangu pale Emali, malori yapate pa kuegesha, na nyama itiwe poda ya dukani iive kabla mteja hajanawa mikono. Tena lile jina, nyama ya kubembeleza, ulifute ukutani, eti watu wanalicheka. Wacha wacheke! Kicheko hicho ndicho kilikusomesha.

Jina hilo sikuliokota barabarani. Nilipoolewa Mukuyuni, susu yenu Muthoki, mama mkwe wangu, alikuwa amebaki na meno mawili matatu, na kwa sababu alizaa mvulana mmoja tu, baba yenu, shemeji zake walimdharau mpaka kwa sahani. Siku moja walichinja ng'ombe mzee aliyechoka kuvuta plau, wakagawana maini na mbavu, yeye wakamtupia shingo, wakakaa kumtazama akitafuna na kutema. Mimi bibi arusi sikutakiwa kufungua mdomo. Nilichukua ile sahani mbele yao, nikaponda majani ya mpapai, nikaifunga nyama humo, kisha nikaitia kwa chungu, moto mdogo, maji kidogo kidogo, nikashinda nimechutama hapo jikoni. Susu akanikuta, akaniambia, "Wewe, hata mtoto mgonjwa habembelezwi hivyo." Akala yote, polepole, wale wanaume wakinusa tu. Basi kubembeleza nyama ni hiyo: kuilainisha mpaka aliyenyimwa naye ale ashibe.

Sasa sikilizeni vizuri. Hoteli na ploti yake nampa Kathini. Ndiyo, ni msichana, na ndiyo, ameachana na bwana akarudi nyumbani. Wazee wa ukoo walikuja kuniambia msichana hapewi ardhi. Niliwapa chai, nikawaambia sheria inamruhusu na mimi pia, na chifu amelisikia neno hili kutoka kwa mdomo wangu. Kitonga, shamba la Nuu ni lako lote na mifugo yake. Ukimpeleka dada yako kortini, ujue umeketi na wale waliomcheka susu yako, na mimi nitakuwa nimekukasirikia huko niliko.

Nipeni maji... Asante. Nyama ya mazishi yangu ipikwe hivyo hivyo, mipapai iko. Wakilalamika njaa, wangoje. Wazee wa ukoo wapakuliwe mwisho.

Pumzi inanikimbia. Leteni viganja niwatemee baraka. Hapana, Kitonga, rudisha mikono. Najua mvulana ndiye huanza. Nimejua maisha yangu yote.

Kathini... sogea. Hapo. Mungu akupe nguvu, mama... na watu wa kulisha... na asikuondoe mtu hapo.

Kitonga, usilie. Nawe nakupenda. Ngoja... ngoja dada yako amalize.