Mdogo Wangu Hakuwa Mtu wa Kusema Asante

Fungeni huo mlango, mshushe na pazia la dukani, nguo za watu zitangoja. Wewe mkubwa kaa hapa ukingoni mwa kitanda niuone uso wako, wewe binti yangu kazime ile pasi ya mvuke maana naisikia ikipiga mluzi mpaka huku, na wewe mkwe wangu usisimame mlangoni kama mteja aliyepoteza risiti, ingia ukae, maana mengi nitakayosema leo yataishia mikononi mwako. Asinikatize mtu. Pumzi iliyobaki ni ya kupimwa kwa kijiko, na nina jambo ambalo nisipolitema litanisonga kabla ugonjwa haujamaliza kazi yake.

Nimepigwa na butwaa, wanangu. Tangu jana mchana nimelala nikitazama dari, mmenipa maji sikuyaona, mmenigeuza sikujua nimegeuzwa, mkanong'onezana kwamba ni dawa zinanilevya. Si dawa. Jana wewe mkubwa na mkeo, huyu mkwe wangu, mlikaa hapa hapa, mmoja huku na mmoja kule, mimi katikati nimefumba macho, mkaongea kwa lugha ya hapa kama mlivyozoea mkitaka jambo linipite juu ya kichwa. Mkeo akakuuliza utaficha mpaka lini, akasema mama si mtoto, ana haki ya kujua. Nawe, kwa sauti ya mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai, ukamjibu: "Ya nini kumsumbua sasa? Mama mdogo amekufa tangu mwaka wa mafuriko. Wataonana wenyewe karibuni."

Tazamaneni tu. Naam, lugha ya hapa naijua. Naijua tangu wewe mkubwa hujaanza kuvaa viatu.

Tulipofika mji huu, baba yenu na mimi, na wewe mkubwa ukiwa mgongoni, sikuwa na hata neno la kuombea maji. Tukapewa chumba nyuma ya kinu cha nafaka, vumbi la unga likatuingia mpaka kwenye kope, baba yenu akabeba magunia, nami nikafua mashuka ya ile hoteli ya mbele ya stesheni, kwenye karai, kwa mikono hii iliyokunjamana kama soksi ya sufu iliyotiwa maji ya moto. Karai likazaa mashine, mashine ikazaa duka, duka likapata kaunta, na kaunta ndiyo shule niliyosoma, maana ile nyingine niliiacha kabla hatujafika kwenye hesabu za kugawanya. Watu wa hapa walinizoea kuwa mama dobi asiyesikia kitu. Nikiulizwa nacheka, nikigombezwa natikisa kichwa kama mjusi ukutani, doa naonyesha kwa kidole. Basi wakawa wanasema yao mbele yangu kama mtu anavyosema mbele ya paka. Mwanzoni kweli sikuelewa, lakini neno huvuta neno, na siku moja nikipiga pasi shati la karani wa stesheni nikamsikia mke wa daktari wa meno akimpa shoga yake habari za karani huyo huyo, na nikaelewa yote, mpaka pale aliposhusha sauti. Nusura niunguze kola. Sasa niambieni, hapo ndipo ningefungua kinywa niseme jamani nimeshajua kusema? Nani anafukia kisima anachotekea?

Baba yenu peke yake alijua. Jioni tukikunja mashuka ya hoteli, yeye ameshika ncha huku na mimi kule, kila tukikutana katikati nilimpa kipande cha habari, na shuka likiisha kukunjwa habari nayo imekwisha, tunachukua jingine. Nyinyi sikuwaambia kwa kuwa mtoto ni chungu kisicho na kifuniko. Halafu mkakua, mkaanza na nyinyi kutumia lugha hiyo kunificha mambo, nikasikia ya ujana wenu ambayo nitakwenda nayo kaburini. Usiiname hivyo, binti yangu, nimesema nitakwenda nayo.

Basi lugha niliyoifuga kwa ajili ya umbea ndiyo iliyonirarua jana. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, na bado sikukiona.

Mdogo wangu nyinyi mnamjua kwa picha. Mimi nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kutembea, nikamnyang'anya nusu ya kila alichopewa, naye akanilipa kwa ulimi. Siku tunaondoka, kituo kizima cha basi kilikuwa kilio, yeye hakutoa chozi. Alisimama dirishani kwangu akasema, "Nenda, miguu ya kuku, na ukifia huko wakulete, nitakukosha mimi, maana wengine watakusugua vibaya." Hilo ndilo lililokuwa agano letu. Ndiyo sababu miaka yote nimewaambia msinizike hapa, nirudisheni, kuna mtu ananingoja na ndoo ya maji. Mlidhani ni udongo wa kwetu ninaoutaka. Udongo ni udongo, haukujui jina. Nilikuwa nautaka ule mkono.

Sisi tulikotoka mtu hamwambii ndugu yake kwamba anampenda. Neno hilo ni la wachumba, tena wale wa mwanzo mwanzo kabla hawajajuana vizuri. Ndugu unamtafutia tusi, unalichagua kama nyanya sokoni, unalipeleka likiwa la moto. Simu siiwezi, mnajua, sauti isiyo na uso hunitia kizunguzungu, na mwenzangu masikio yalimwisha mapema, kwa hiyo salamu zetu zilipita kinywani mwako, mkubwa, ukipigiana simu na vijana wa kule. Ulikuwa unaniletea: mama mdogo anasema, mwulizeni miguu ya kuku kama bado anapumua, na kama anapumua arudishe kitambaa changu cha kichwa alichoondoka nacho. Nami nakutuma: mwambie meno sepetu kitambaa chake nimekifanya tambara la kupigia deki, na bado kinamshinda yeye uzuri. Wiki nzima nilikuwa napiga pasi nikicheka peke yangu, wateja wakidhani nimepungukiwa.

Kisha ukaja mwaka wa mafuriko, na salamu zikabadilika. Ukaniambia mama mdogo anakusalimu sana, anakuwaza kila siku, anasema anakupenda. Nikashtuka. Nikasema moyoni, huyu uzee umemng'oa meno mpaka ya ulimi. Nikamtumia tusi kali nimwamshe, nikamwita fuvu la mbuzi lililosahauliwa na fisi, nikangoja. Ukarudi na jibu, umekunja mikono yako kifuani kama mtu mwema: amefurahi sana, anasema asante.

Asante. Nimemwita mtu fuvu la mbuzi, anasema asante.

Nikaona labda ameshika dini, labda amechanganyikiwa. Nikamwonea huruma, nikaanza na mimi kupunguza makali, nikawa namtumia salamu laini laini kama za mgonjwa. Sikujua kwamba adabu ile ilikuwa ndiyo kifo chenyewe. Mimi niliyejua nani katika mji huu amehama chumba kabla mumewe hajajua, mimi niliyesoma mambo ya watu kwenye kola na kwenye foronya, nililetewa maiti ya mdogo wangu mlangoni kila mwezi, imevikwa maneno mazuri, nikaikaribisha.

Nisikilize, mkubwa. Najua utasema ni presha yangu, daktari alikataza nishtuliwe, ulingoja nipate nafuu, nafuu ikapita na mafuriko mengine yakaja. Mficha maradhi kilio humuumbua, na njia ya mwongo husemwa ni fupi, ingawa yako umeitembea mbali mpaka nimeistaajabia. Sikulaani. Mtoto akimficha mamaye kilio, huruma ndiyo imemzidi akili. Lakini ungenitungia tusi, mwanangu. Moja tu, hata bovu. Ulizaliwa kwetu ila umekulia hapa, ambapo mtu hamalizi simu na fundi bomba bila kumwambia nakupenda na asante na siku njema, basi ulipokosa maneno ya kumtia mama yako mdogo kinywani ukamtia haya ya hapa. Ulimfufua ukamfanya mtu wa mji huu. Hata angenisimamia kitandani nisingemtambua.

Na wakati kule wanamlilia, mimi labda nilikuwa kaunta, nacheka. Hilo ndilo linalonitoa roho zaidi ya huu ugonjwa.

Sasa shikeni ninayoagiza. Msinipeleke popote. Aliyekuwa aninawishe uso kwa mara ya mwisho hayupo, na sitaki kufika kwetu kama furushi lililokosa mwenyewe, nikapokewa na watoto wa watoto wanaoulizana huyu ni nani. Nizikeni kule juu nyuma ya kinu, pembeni ya baba yenu. Ndiyo, nilisema sitalala naye tena kwa ajili ya kukoroma kwake. Nimebadili neno, mtu hakatazwi. Duka la dobi ni la binti yangu, na asije mtu kumwambia auze, kwa kuwa ndiye aliyeniinulia vikapu mgongo uliponikataa. Mkubwa, chukua vyumba vya juu ukae na mkeo, na mapato ya mashuka ya hoteli mtagawana bila kununiana. Yule jirani mwoka mikate niliyemkasirikia tangu enzi zile kwa kusema kamba zangu zinamkatia jua dirishani, mshushieni kamba moja. Moja. Msimzoeshe.

Nani atanikosha? Hilo ndilo nililokuwa nalipigia hesabu kwenye dari. Nikasema, binti yangu atalia maji yawe ya chumvi. Nikakufikiria wewe, mkwe wangu, uliyenitetea jana ukidhani sisikii. Nami miaka yote nilikuwa nakusema mbele ya uso wako kwa lugha yetu, unavyokunja mashati kama mtu anayefunga samaki, unavyotembea kama unakimbizwa na deni, nawe ukitabasamu tu, nikajua huyu mwenyeji haelewi.

Mbona unacheka?

Ngoja. Nyie nyamazeni. Nimesema kuhusu kukunja mashati, na hakuna aliyekufasiria, na umecheka pale pale penyewe. Na uliingia nilipokuita. Na umekaa. Wewe mtoto wa watu, tangu lini? Sema, nijibu kwa lugha yangu nikusikie.

"Tangu harusi, Mama. Ulisema nina shingo ya kuazima."

Ukistaajabu ya jana, ngoja ya leo. Kumbe kaunta moja ilikuwa na paka wawili. Na ulinyamaza, ukanipikia, ukanifungia vifungo vya gauni vidole viliponishinda, huku unajua nilichosema kuhusu shingo yako. Haya. Basi kazi ni yako, na sikupi kwa kukosa mwingine. Sogea. Maji yawe ya vuguvugu, yasichemke, mimi si shuka la hoteli. Goti la kushoto lipitishie mkono polepole, lina maumivu yake ambayo sidhani kama yatajua kwamba nimekufa. Nywele uzichane kwanza ndipo uzioshe. Na usinikoshe kimya kama unaosha vyombo vya watu. Nisemeshe. Niambie nani amepita dukani na amesema nini.

Niinueni kidogo. Hapo. Inatosha.

Nawaombea msiwe na njaa ya chakula wala ya neno. Kinachowauma mwambiane kingali kidogo. Mlango wenu usikose mbisha hodi, watoto wenu wawazike nyinyi, wala nyinyi msiwazike wao. Mkono wangu uko wapi... wekeni vichwa hapa, mmoja mmoja, na wewe mkwe. Radhi yangu mnayo yote, sikubakiza.

Mkubwa, usiondoke. Kuna jambo linanipitia akilini. Yule binamu yangu fundi saa, mchokozi yule, aliyekuwa hanitumii salamu bila kunizomea... naye siku hizi unaniambia ananipenda.

Usimtazame mkeo, nitazame mimi.

Na mkunga aliyekuzalisha, naye amekuwa mpole sana. Na shoga yangu wa kisimani.

Nitajie. Wote. Nisije nikafika kule nikaanza kuuliza habari za watu mbele yao wenyewe kama mgeni. Usilie, taja. Mmoja mmoja, polepole, nipate kumpa kila mtu haki yake.

Fundi saa. Ndiyo. Nilijua, nimejua sasa hivi. Endelea.

Mkunga... lini? Basi, usiniambie lini. Endelea.

Shoga yangu. Na yeye. Alikuwa na sauti nzuri yule, ungemsikia... Endelea.

Huyo... huyo simkumbuki, rudia jina la babaye... Ahaa. Mdogo mdogo yule. Maskini. Endelea.

Bado nasikia, mwanangu. Mbona umenyamaza... endelea.