Makopo Mawili ya Marehemu Makarius Lyamba (1941–1999)

Wifi yangu Klementina, watoto, majirani wa Makanyagio, na nyie mliotoka Kabungu kuja kumsindikiza ndugu yetu: mimi ni Pelagia, mdogo wake marehemu wa tumbo moja. Nimepewa kusoma wasifu huu. Nitausoma polepole, mnivumilie, kwa maana kusoma nimejifunza ukubwani.

Marehemu Makarius Lyamba alizaliwa tarehe 14 Aprili 1941 katika kijiji cha Kabungu, mtoto wa kwanza wa mzee Stanslaus Lyamba na mama Monika. Mama alitusimulia kwamba tangu mdogo hakugusa chakula kabla ya kuhesabu vipande vya mihogo na vichwa vya waliokaa. Vipande vikipungua, alisema yeye ameshiba.

Alianza shule ya misheni mwaka 1950, kisha akaenda shule ya kati huko Karema, akamaliza darasa la nane mwaka 1958. Fedha ya ada nyumbani ilitosha mtoto mmoja, na zamani hizo nani alihangaika na binti? Alikuwa akirudi likizo ananichorea herufi mchangani, kuku wanapita juu yake.

Mwaka 1961 aliajiriwa kuwa karani wa hesabu wa chama cha ushirika wa tumbaku. Vyama vilipovunjwa mwaka 1976 alihamia shirika la umma, akatumikia hadi alipopunguzwa kazi mwaka 1991. Alirudi nyumbani na barua ya shukrani na saa ya ukutani ambayo haijawahi kusema kweli.

Alifunga ndoa takatifu na Klementina, binti wa mzee Celestin wa Karema, tarehe 7 Agosti 1965. Walijaliwa watoto wanne. Wifi anasema katika miaka thelathini na mitatu hakumsikia mume wake akisema uongo, hata ule mdogo wa kusifia mboga iliyozidi chumvi.

Mwaka 1992 alianza kuandika taarifa za mapato na matumizi za watu waliojiajiri: washonaji, wauza asali wa Ugalla, wenye mashine za kusaga, na sisi mama ntilie wa stesheni. Bila taarifa hiyo ofisa wa kodi alikukadiria kwa kukutazama, na mwenye kibanda chenye rangi mpya aliumia. Wengi wetu hatukujua kuandika. Kaka akatugawia makopo mawili mawili ya maziwa ya unga. Ukiuza ukapata shilingi elfu moja, unatia punje ya mahindi kwenye kopo la kwanza. Ukitumia elfu moja kwenye biashara, unatia haragwe kwenye kopo la pili. Mwaka ukiisha alipita na baiskeli yake, akamwaga kila kopo kwenye ungo, akahesabu mara mbili mbele yako, ndipo akaandika na kutia sahihi yake.

Hakuwa na mchezo na kopo la maharage. Mzee Nkwabi wa mashine ya Kakese, namwona amekaa pale, aliwahi kutia maharage kwa ajili ya ng'ombe wa mahari ya kijana wake. Kaka akayatoa moja moja.

"Mzee Nkwabi, mkamwana si matumizi ya mashine."

"We Makarius, umeona anavyobeba magunia yule? Rudisha maharage yangu!"

Walicheka wote wawili, lakini maharage hayakurudi koponi.

Sasa nimefika mahali ambapo kamati ya mazishi iliandika hivi: "Mwaka 1996 marehemu aliacha kazi hiyo kwa hiari yake." Sentensi hiyo nimeomba itolewe. Si kweli, na anayejua kwamba si kweli ni mimi.

Mwezi Januari 1996 mvua ilikata reli. Treni ya Tabora haikuja siku tisa, na bila abiria mama ntilie anamuuzia nani? Siku ya saba watoto wangu walikuwa wamelala na uji mwepesi mara mbili. Nikachukua kopo la maharage, matumizi yangu ya mwaka mzima uliokwisha, ambayo kaka alikuwa hajapita kuyahesabu, nikalipika. Hilo mnaweza kunisamehe. Kaka angenisamehe siku ileile.

Lakini sikumwambia. Treni iliporudi nilinunua maharage sokoni, nikajaza kopo. Lilikuwa limefika nusu; mimi nikalijaza mpaka mdomoni, kwa sababu nilijua maharage mengi ni kodi ndogo. Kaka akaja, akahesabu mara mbili, akaandika kwamba nimepata hasara, akatia sahihi. Mdogo wake wa tumbo moja, angemshuku vipi?

Ofisa wa kodi alipita mbele ya kibanda changu, akaona nimeezeka bati jipya. Akatuita wote wawili pamoja na kopo, akamwaga maharage mezani. Yote yalikuwa ya njano, ya aina moja, yanang'aa. Matumizi ya mwaka huwa mchanganyiko: mekundu, ya madoa, yaliyotobolewa na wadudu, kadiri ulivyokuwa nayo jikoni. Kaka aliyatazama, kisha akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa.

"Mheshimiwa," akasema, "kosa ni langu. Nilihesabu vibaya."

Huo ndio uongo ambao wifi hakuusikia. Faini aliilipa kwa kuuza baiskeli. Kazi zake hazikupokelewa tena ofisi ya kodi, wateja wakarudisha makopo, na mji ukampa jina la Mzee Maharage. Watoto walimwita hivyo njiani. Mimi nilikuwa ninayasikia hayo nikiwa nimesimama jikoni kwangu, chini ya bati langu jipya, na nilinyamaza miaka mitatu. Naona aibu, ndugu zangu, sina neno jingine.

Yeye hakunisema. Alianza kuja kwangu kila Jumapili baada ya misa na daftari, akanifundisha kusoma na kuandika. "Makopo yanaliwa," alisema tu.

Mwezi Novemba 1998 alianza kuvimba miguu, akapata matibabu hospitalini hapa Mpanda. Wiki moja kabla ya mwisho nilikuwa namnywesha uji, akaniuliza, "Pelagia, yale maharage ya mwanzo uliyala na watoto?"

"Ndiyo, kaka."

"Chakula cha watoto si matumizi ya biashara," akasema. Akameza kijiko kimoja cha uji. "Lakini ungeniambia, ningekuletea maharage."

Alifariki Alhamisi tarehe 11 Februari 1999, saa kumi na moja alfajiri. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, na mdogo wake mmoja, ambaye alimtwisha mzigo usio wake.

Jina la Mzee Maharage tusilizike naye. Kuanzia leo anayelitaka aniite mimi, nitaitika. Na wewe, kaka, lala kwa amani ya Bwana. Ulihesabu vizuri.