Shaba ya Baba Yenu Mdogo

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni, na haya ninayotaka kuwaambia sipendi yasikiwe na baba yenu mdogo, aliyekaa pale sebuleni akinywa chai yangu na kupewa pole na wageni waliokuja kuniaga mimi.

Nianze na mali. Karakana ni ya kaka yenu mkubwa, pamoja na fuawe na nyundo zote, maana kati yenu ni yeye tu anayejua kupaka bati ndani ya sufuria ya shaba bila kuacha madoa. Nyumba ni ya mabinti, wala msigombanie vyumba. Hayo yamekwisha. Sasa lililonikaba.

Mimi na mdogo wangu huyo tulianza kufundishwa ufuaji wa shaba siku moja, na tangu siku hiyo babu yenu hakuiona tena kazi ya mkono wangu. Birika la mdogo wangu liliinuliwa juu wateja walitazame. Langu liliuzwa tu. Kisha, akiwa bado kijana, mkono wake ukaanza kutetemeka, ulimi ukawa mzito, na kwenye ukingo wa weusi wa macho yake ikatokea pete ya rangi ya shaba ambayo wanawake waliisifu. Hata ugonjwa ulimpendeza! Daktari alipotuambia kwamba ana shaba nyingi mwilini, babu yenu alilia, akasema karakana ndiyo iliyomdhuru mwanawe, akamtoa kwenye moto, nyundo zote akanipa mimi. Nikadhani nimeshinda. Kumbe mwenzangu amehamishiwa chumbani kwa babu yenu, analishwa kwa kijiko, tena analishwa maini, eti yanaongeza damu, naye anazidi kudhoofika.

Daktari alipojua akatuita tena, akasema, "Mzee, shaba hii haikutoka karakanani. Kila mtu huila kwenye chakula. Ini la mwanao ndilo lisiloweza kuitoa." Akampa vidonge vya kuivuta shaba itoke kwa mkojo, baadaye vya zinki vya kuizuia isiingie, akamkataza maini, uyoga, karanga na chokoleti. Akapata nafuu, akajiona amepona, akaviacha, akaanguka tena. Hapo ndipo alipoelewa kwamba dawa hizo ni za maisha. Mtazameni leo. Anatembea wima, meno yote yamo, na mimi niliyekuwa mzima ndiye ninayekwenda kufukiwa. Namwonea wivu, wanangu, siwafichi, na wivu huu nitazikwa nao.

Lakini wewe, kitinda mimba wangu, acha kuuficha mkono chini ya shuka. Nimekuona unavyomwaga chai. Umewaambia wenzako kwamba hujawahi kushika nyundo, kwa hiyo shaba haiwezi kukuingia. Hayo ni maneno ya babu yenu, na babu yenu alikosea. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na kwa mama pamoja, na mama yenu alikuwa binti wa shangazi yangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nendeni mkapimwe nyote, hata asiyetetemeka.

Na anayeijua njia ni mmoja tu. Anamjua daktari, anavijua vipimo vya damu na vya mkojo, anajua vidonge humezwa tumbo likiwa tupu. Laiti angekuwa mtu mwingine yeyote. Najua yatakavyokuwa: atakaa nawe kwenye benchi la hospitali, atakuuliza kila asubuhi kama umemeza dawa, na siku mkono wako utakapotulia utamwita baba, bila kuongeza hilo la mdogo. Hilo linaniuma kuliko kifua hiki. Hata hivyo nenda naye.

Nipeni maji kidogo... basi, yametosha. Mungu awape maisha marefu, awape riziki ya halali, awape kupendana kuliko tulivyopendana sisi. Msinililie sana. Wewe mwanangu mkubwa, fungua mlango, mwite baba yako mdogo... mwambie mimi ndiye niliyemwita. Akae upande huu. Karibu... mdogo wangu, karibu. Huyu ni wako sasa.

Mpe mkono, binti yangu. Si huo... huo unaouficha.