Papa Védaste, Aliyeifanya Ekseli Itulie

Baada ya miaka ishirini na minane na siku kumi na moja ya kazi, Papa Védaste Bimenyimana, fundi wetu wa ekseli, anastaafu Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025.

Aliingia katika machimbo yetu ya Muganza tarehe 3 Novemba 1997, akakabidhiwa kichwa kimoja cha treni, reli ya kilomita mbili na mlima. Kichwa hicho kilikuwa na tabia mbaya. Mvua ikilowesha vumbi la chokaa, magurudumu yaliteleza, yakanasa, yakateleza tena, hadi ekseli ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Papa Védaste alipima mtetemo huo kwa kuuma spana iliyoegemezwa kwenye ekseli. Mwaka 2006 jino lake lilidondoka. Katika ripoti aliandika: “Mtetemo mkubwa.”

Tarehe 9 Aprili 2019 wakubwa walitoa amri: kichwa kiupande mlima na mabehewa manne, la sivyo kiuzwe kama chuma chakavu na fundi wake aende nyumbani. Wanunuzi wa chuma chakavu walifika mapema siku ya jaribio, na mizani yao. Mvua ikanyesha. Kichwa kikateleza mara tatu. Tulifungua sanduku la mchanga, ule unaomwagwa mbele ya magurudumu yapate kushika reli. Damascène wa stoo alikuwa amelijaza simenti, nayo ilikuwa imeganda.

“Nilitia yenye ilikuwa stoo,” alijitetea.

Papa Védaste aliazima mizani ya wanunuzi, akatupima sote, akachagua wazito kumi na wawili wakae kwenye kichwa hicho, juu ya magurudumu, uzito wao uyabane kwenye reli. Maman Joséphine wa kantini aliwaka:

“Papa Védaste, unaniona mufuko ya simenti?”

“Hapana, Maman. Wewe ni mifuko mbili.”

Alipanda huku akimtukana. Treni nayo ikapanda, na ekseli haikutetemeka hata kidogo. Wanunuzi walibeba mizani yao, wakaondoka.

Tangu hapo, kila mvua ikinyesha, watu kumi na wawili hupanda. Mwaka jana injinia mpya, Gisa, aliuliza kwa nini machimbo yenye mlima mzima wa mawe hayapakii mawe badala ya watu. Hakuna aliyewahi kulifikiria.

“Mawe haishukagi kusukuma,” alijibu Papa Védaste.

Asante, Papa. Nenda salama kwako Mururu. Tunakutakia uzee mtamu: kula vizuri, unenepe, na uzito huo, mara hii, usiwe kwa ajili ya kazi.