Msomaji wa Mji wa Mbali

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, limeegemea ukuta wenye bango la mitindo ya nywele ambayo Kinyozi mwenyewe anakiri hawezi kuinyoa yote. Upande mmoja kuna duka dogo ninamofanya kazi, la kupiga chapa na kutoa nakala. Upande wa pili kuna karakana ya Fundi Viti, naye siku za jua hutoa fremu zake nje, mpita njia akaona viti visivyo na ngozi vimejipanga kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Shangazi huja na birika lake la kahawa kabla maduka hayajafunguliwa. Redio, mlinzi wa ghala la ng'ambo ya barabara, hutoka zamu saa hiyo hiyo. Zamu nzima hana wa kuzungumza naye, basi akifika kwetu anafungulia yote. Mimi wananiita Mwandishi, kwa sababu mwezi ule niliingia kwenye shindano la mtandaoni la kuandika kila siku kwenye blogu yangu, mwezi mzima bila kuruka, na sikumficha mtu kwamba nitalimaliza.

— Leo umetuandika nini? Kinyozi aliuliza, akifagia kizingiti chake.

— Foleni ya benki. Watu wasiojuana wanavyoanza kulindiana nafasi kama ndugu.

— Foleni. Na juzi vifungo vya shati.

— Na vifungo vilisomwa kuliko vyote.

— Mimi bado sijaandikwa, Redio alisema. — Mwezi unakatika. Ghala zima nalilinda mimi, halafu vifungo ndivyo vinaandikwa.

— Umeandikwa, Shangazi alimwambia huku akimimina. — Yule jirani anayejibu swali kabla halijaulizwa, ni nani kama si wewe?

Redio alitafakari. — Mimi nilijua ni Kinyozi.

Fundi Viti alicheka kwa pua. Mdomo hakuweza kuufungua, kwa sababu alikuwa na kazi mapajani na misumari midogo ameibana midomoni, kama kawaida yake. Yeye nilishamwandika mwanzoni kabisa mwa mwezi: jinsi anavyoweza kukuitikia salamu na misumari mdomoni, na hata mmoja usianguke. Aliposomewa alisema tu, "Umenipatia," akaendelea kugonga.

Siku hiyo nilikuwa na jambo la kuwaonyesha. Blogu yangu hunionyesha wasomaji wangu wako miji gani. Wengi ni wa hapa hapa, watu ninaowajua. Lakini kulikuwa na mmoja wa mji wa mbali, mji ambao nilidhani hakuna kati yetu aliyekuwa na sababu ya kwenda. Kila asubuhi nikishatuma tu, kahawa haijapoa, huyo ameshasoma. Hasemi kitu. Hasifu, hakosoi. Anasoma, anaondoka.

Niliwapa simu waone, ila Fundi Viti mikono yake ilikuwa na kazi. Ilikuwa kosa, maana asubuhi yote ilikwisha hapo.

— Mashine hiyo, Kinyozi alisema. — Siku hizi kuna mashine zinasoma kila kitu ili zijifunze kuongea.

— Ijifunze kuongea kwa foleni ya benki? Shangazi aliguna. — Huyo ni mwanamume. Kapenda maneno, sasa anajipanga kuleta barua ya posa.

— Hamuoni mbali nyinyi, Redio alisema, akavuta kikombe chake karibu. — Huyo ni mpelelezi. Mwandishi hapa anaandika kila siku nani yuko benchini na nani hayuko. Mwenye akili akisoma hayo anajua ghala limebaki na nani na saa ngapi.

— Na ghalani mnaweka nini?

— Ndoo za plastiki.

— Basi mpelelezi wa ndoo.

— Ndoo ndiyo mwanzo, Redio alisema, wala hakutetereka. — Mtu akishajua ndoo ziko wapi, anajua watu wanatekea maji wapi. Akijua maji, nchi nzima anayo mkononi.

Fundi Viti alitema misumari yake kiganjani, mmoja mmoja. — Labda ni mtu tu, alisema. — Anapenda kusoma.

Wazo lake lilikuwa dogo mno kwa benchi letu.

Baada ya siku chache kona ya Fundi Viti ilikuwa wazi. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Kinyozi ndiye aliyeleta habari: kifua kilikuwa kimembana mzee, jirani yake akampeleka hospitali, na daktari akaamua alale huko wamwangalie. Shangazi alimmiminia kikombe chake hata hivyo, akakiweka mahali pake pa siku zote, kisha akaona alichofanya, akakinywa mwenyewe.

Niliandika hilo. Sikuandika ugonjwa kwa kirefu. Niliandika kikombe, na kufuli, na namna Redio alivyomaliza kahawa yake bila kumtaja mpelelezi.

Kesho yake, chini ya maandishi yangu, kulikuwa na maoni ya msomaji wa mji wa mbali. Yalikuwa ya kwanza. Jina hakuweka. Aliandika neno moja: "Anaendeleaje?"

— Mpelelezi hawezi kuuliza hivyo, Kinyozi alisema.

— Mpelelezi mzuri ndivyo anavyouliza, Redio alisema, ila sauti haikuwa na nguvu yake ya siku zote.

— Mjibu, Mwandishi, Shangazi aliniambia. — Mtu anauliza hali ya mgonjwa, unamjibu. Hayo mengine baadaye.

Nikajibu kwamba mgonjwa hajambo na anatarajiwa kutoka. Jibu la pili halikuja.

Fundi Viti alirudi amekonda kidogo, ameshika mfuko wa dawa. Alikaa mahali pake. Shangazi alimpa kahawa nyepesi bila kuombwa. Tulimpa pole, tukamuuliza chakula cha huko, na yalipokwisha hayo Redio akashindwa kuvumilia.

— Mzee wangu, una mtu wako mji wa mbali? Yule msomaji amekuulizia.

— Mji gani?

Redio akautaja. Sasa hivi tu nagundua kwamba siku zote tulizobishana, mbele ya mzee tulikuwa tunasema "mji wa mbali" tu. Hatukuwahi kumtajia jina la mji wenyewe.

Fundi Viti aliweka kikombe chini.

— Binti yangu yuko huko, alisema.

Sisi tulijua ana binti. Tulijua hivyo tu. Miaka yote ya benchi hakuwahi kumzungumzia, nasi tulidhani ndivyo alivyo, mtu wa maneno machache.

— Mama yake alipougua hakuweza kulala kitandani, alisema. — Pumzi ilikuwa inamkatikia. Nikamtengenezea kiti cha kuegemea, nikakipima kwa mwili wake. Alikaa humo mpaka mwisho. Tulipokwisha kuzika, nikawa kila nikiingia ndani nakuta kile kiti kimebonyea vile vile, utadhani katoka tu kwenda jikoni. Sikuweza. Nikakileta karakana, nikakivunja.

Kinyozi alikuwa ameacha kufagia.

— Binti yangu akaja kukichukua. Kumbe mama yake alimwachia. Mimi sikuwa najua hilo. Akaniuliza kiti kiko wapi, nikamwambia nimekivunja. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, zile ni mbao tu.

— Mzee, Shangazi alisema taratibu.

— Nilitaka nisilie mbele yake. Ndiyo maana nikasema vile. Alichukua begi lake. Baadaye namba yake ikawa haipatikani, na mimi nikaona nikimfuata nitamwambia nini.

Redio alikisogeza kikombe cha mzee karibu naye.

— Na mbao zenyewe uliziweka wapi? nilimuuliza. Sijui kwa nini nilianzia hapo, ila mtu anayeandika kila siku hujifunza kuuliza vitu vilienda wapi.

Fundi Viti alinitazama kana kwamba alikuwa amelisubiri swali hilo kwa miaka.

— Sikutupa hata kipande. Nani atupe mbao zile? Springi nilizitia kwenye kochi la zahanati, pale wanapokaa kina mama wanaosubiri kujifungua. Miguu iko kwenye stuli ya yule dada wa cherehani. Kitambaa nilikizika kando ya kaburi lake. Kisha akamgeukia Kinyozi. — Na mikono unayo wewe.

— Mimi?

— Kiti chako kilipovunjika mikono, si uliniambia nikutafutie mbao nzuri? Nikakufungia ile.

Kinyozi aligeuka akatazama ndani ya chumba chake. Kiti kilikuwa pale mbele ya kioo, na mikono yake ya mbao nyeusi ilikuwa inang'aa kwa viganja vya wateja.

— Kila siku nakifuta, alisema. — Kila siku, mzee.

Nilimuuliza Fundi Viti kama ninaweza kuandika. Hakufikiri sana.

— Andika, alisema. — Andika hakikutupwa. Na lile neno nililomwambia, liandike pia, ili ajue nalikumbuka.

Niliandika adhuhuri hiyo, nyuma ya mashine ya nakala, wateja wakinikatiza. Wakati mwingine mtu hukaa na ukurasa mtupu akijiona hana kipaji. Siku ile sikuwa na wasiwasi hata chembe. Nilijua hadithi kama hiyo haitaki kupambwa. Niliweka springi mahali pake, miguu mahali pake, mikono mahali pake. Niliandika neno la baba kama alivyolisema, na sababu yake kama alivyoieleza. Nikamsomea yeye kwanza. Akaniomba nifute sehemu niliyomwita fundi hodari. Nikafuta, nikatuma.

Msomaji wa mji wa mbali aliisoma saa ile ile. Halafu kimya. Maandishi ya kesho yake hakuyafungua. Ya keshokutwa pia hakuyafungua.

— Amekasirika, Shangazi alisema.

— Hajakasirika. Bando limekwisha, Kinyozi alisema. — Watu wengi wanaonekana wamekasirika kumbe bando limekwisha.

— Mimi nasema wamezima mtandao mji mzima, Redio alisema. — Wakubwa wa kule wamesoma ile habari, wakaona watu wote watataka kurudi makwao. Nani atabaki kufanya kazi? Wakazima.

Alikuwa anasema hayo akimwangalia Fundi Viti kwa jicho la pembeni, na nilielewa kwamba safari hii hasemi ili ashinde. Mzee alikuwa na kazi mapajani, lakini misumari ilikuwa bado ndani ya kopo.

— Mtandao mji mzima, alisema Fundi Viti.

— Mji mzima, mzee wangu. Mpaka hospitali.

— Haya.

Tulikuwa hapo hapo, Shangazi akizungusha raundi ya pili, mwanamke mmoja alipokuja kutoka upande wa kituo cha mabasi. Alikuwa na begi moja begani, na nguo zake zilikuwa na makunyanzi ya mtu aliyelala ameketi. Alipofika kwenye fremu zilizo nje ya karakana alipunguza mwendo. Akagusa moja, akaja mpaka kwenye benchi.

— Shikamoo, baba.

Fundi Viti hakusimama. — Marahaba, mwanangu, alisema. — Umekula?

— Nimekula njiani.

— Basi lilikuwa na watu wengi?

— Kiasi.

Redio alisogea, akasogea tena, mpaka nusu yake ikawa hewani, ili nafasi ipatikane. Lakini binti hakukaa. Alinitazama mimi, akajua ni nani bila kuambiwa.

— Rafiki yangu ndiye alinitumia ile ya misumari mdomoni, alisema. — Nikajua ni baba. Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa naangalia kama yumo.

— Sikujua, nilimwambia.

— Ungejua usingeandika vile, alisema. Kisha akamgeukia baba yake. — Naweza kukiona?

Fundi Viti aliinuka sasa, akashika ukuta, wakaingia ndani kwa Kinyozi pamoja. Kinyozi aliwatangulia na kuondoa kitambaa na mashine ya kunyolea juu ya kiti, kisha akasimama kando na mikono nyuma. Sisi wengine tulijazana mlangoni. Shangazi alikuwa bado na birika.

Binti alikaa. Kwanza aliketi ncha ncha, kama mgeni. Halafu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa, akalaza mikono yake juu ya mikono ya kiti, akaipapasa mpaka mwisho pale inapopinda.

— Ni yenyewe, alisema.

— Ni yenyewe, baba yake alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake, na kwenye kioo tuliwaona wote wawili. — Nilisema vibaya siku ile.

— Nimesoma, baba.

— Nataka nikwambie kwa mdomo.

— Niambie, basi.

Akamwambia. Aliinama kumwambia, na ilikuwa kwa sauti ndogo ambayo haikutufikia, nami sikujitahidi kuisikia. Binti alifumba macho. Machozi yalimtoka bila kelele, na mikono yake haikuachia zile mbao. Baba alimwekea kiganja kichwani kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Ndipo nyuma yetu mtu akakohoa. Alikuwa mwanamume mwenye mkoba wa ofisini, mgeni kabisa pale mtaani, nywele zimemzidi. Alichungulia juu ya mabega yetu, akamwona mwanamke amefumba macho kwenye kiti, Kinyozi amesimama mikono mitupu, mzee nyuma yake na kiganja kichwani mwake.

— Samahani, aliuliza kwa adabu. — Huyo dada ndiyo anaanza, au amemaliza?

Kinyozi alimtazama Shangazi. Shangazi akanitazama mimi, mimi nikamtazama Redio. Redio alivuta pumzi kama kawaida yake akitaka kuanza, akakaa nayo muda, kisha akaitoa polepole, akampisha yule bwana akae kwenye benchi.