Siku Tuliyoisafisha Simu ya Pindo

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba cha kushonea cha Pindo, chini ya bati linalovuja upande mmoja, na upande huo hukaa anayechelewa kufika. Kahawa tunaichemshia kwenye jiko la mkaa ambalo Pindo hutumia kupashia pasi, kwa hiyo akiwa na suruali nyingi za kunyoosha, kahawa inasubiri. Wa kudumu tuko wanne. Pindo mwenyewe, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Vocha, anayeuza vocha na makava ya simu kwenye meza yenye mwavuli. Meneja, aliyesimamia ghala kwa miezi mitatu, miaka tisa iliyopita, na mpaka leo hajashuka cheo. Na mimi, kinyozi wa mlango wa pili, ninayekaa benchini pale ambapo sina kichwa cha kunyoa, yaani sehemu kubwa ya siku.

Jumatano moja Pindo alitoka nje asubuhi, futi shingoni, simu kiganjani ameishika kama mtu aliyebeba yai.

— Saa nne mdogo wangu atanipigia, alisema.

Habari ya mdogo wake tuliijua sote, maana Pindo alitusimulia mara moja tu, na ile mara moja ilitosha. Siku ya mazishi ya baba yao basi lilimharibikia mdogo mtu njiani, akafika udongo umeshasawazishwa. Pindo, kwa uchungu aliokuwa nao, akasema mbele ya ukoo mzima: "Mgeni naye amefika." Mdogo mtu hakuingia hata ndani. Aligeuka na begi lake akarudi alikotoka. Miaka kumi na moja hawajasemezana.

— Kumetokea nini tena? nilimuuliza.

— Binti yake kaniandikia jana. Anasema, "Baba mkubwa, baba anaumwaumwa siku hizi. Kesho saa nne atakupigia ya video. Tafadhali pokea, namjua, hatarudia."

— Sasa wasiwasi wa nini? alisema Meneja. Itaita, utapokea.

— Wasiwasi ni simu yenyewe. Siku hizi nikiibonyeza inafikiria kwanza.

Hapo Vocha alisimama. Vocha akisikia simu ya mtu inafikiria, huwezi kumzuia. Aliichukua, akaitazama huku na huku kama daktari anayetafuta mshipa.

— Hii ramu imejaa, alisema.

— Ramu ndiyo nini?

— Ndiyo akili ya simu. Ona hapa, asilimia sabini na nane. Mtu akili yake ikijaa kiasi hicho, unaweza kumwita jina lake asiitike. Ngoja nikuwekee Kasi Juu. Wateja wangu wote wanayo.

Akapakua. Tuliinamisha vichwa vinne juu ya kioo. Kikatokea chombo cha kwenda angani, kikazunguka, kikapaa, kisha yakaja maandishi ya kijani: Hongera, megabaiti 900 zimeokolewa.

— Zimeokolewa kutoka wapi? aliuliza Pindo.

— Kutoka hatarini, alisema Vocha.

Pindo alibonyeza alama ya jua, ile ya hali ya hewa, aone kama simu itakuwa nyepesi. Ilifikiria. Kisha ikaleta tangazo la dawa ya meno.

Meneja alicheka puani, kile kicheko chake cha ghalani.

— Vocha, wewe umeweka mpakuaji mizigo. Humu kunahitajika msimamizi. Mimi pale ghalani mzigo ukizidi niliongeza msimamizi, na mambo yalikwenda.

— Ulikaa miezi mitatu, nilimkumbusha.

— Kwa sababu nilimaliza kazi mapema. Mwekee Safisha Chap. Yangu imenionyesha takataka ambazo hata sikujua ninazo.

Safisha Chap ikawekwa. Haikumaliza nusu dakika ikapiga kelele kuwa imegundua programu inayomaliza betri. Programu yenyewe ilikuwa Kasi Juu. Pindo akabonyeza "funga". Mara Kasi Juu ikafunguka peke yake, nayo ikatangaza kuwa imegundua programu nzito, jina lake Safisha Chap.

— Zinafahamiana, alisema Vocha.

— Zinagombana, nilisema mimi.

— Ushindani ni mzuri, alisema Meneja. Kila moja itajituma.

Nilitazama saa ya ukutani chumbani kwa Pindo. Saa tatu na nusu. Pindo alikuwa anahamisha simu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

— Jamani, inachoma.

Na hapa lazima niseme ukweli, maana ningeweza kusimulia kama vile mimi nilikaa pembeni. Programu ya tatu niliileta mimi. Mteja wangu mmoja alinionyesha wakati namnyoa ndevu, inaitwa Pooza, na kazi yake ni kushusha joto la simu. Tukaiweka. Theluji ikaanza kuanguka juu ya kioo, taratibu, nzuri kuitazama, huku namba za joto zikishuka moja moja.

— Inapoa? niliuliza.

Pindo aliiweka shavuni.

— Theluji naiona, alisema. Ubaridi bado.

Vocha aliangalia ile asilimia yake. Ilikuwa sabini na nane tulipoanza. Sasa ilisoma tisini na moja.

— Imepanda, alisema Pindo.

— Hiyo sasa ni asilimia ya usafi, alisema Vocha, lakini hakumtazama usoni.

Nikawaambia nilichokuwa nakiona. Kila tulichofunga kilikuwa kinafunguka tena, na kila kikifunguka kinaanza upya, kinatafuta mtandao, kinajitambulisha. Ni kama mimi nimtimue mteja kitini kila dakika moja halafu nimwite tena. Siku nzima itaisha kwenye salamu na kutandika kitambaa, na hakuna atakayenyolewa.

— Wewe baki kwenye nywele, alisema Vocha.

— Na hizi programu za kutoa nafasi, nikaendelea, zenyewe zinakaa wapi?

Vocha alifungua mdomo. Meneja akamuwahi.

— Swali zuri, na jibu lake ni uongozi. Una wasimamizi watatu ndani ya chumba kimoja, nani anawaongoza? Hakuna. Anatakiwa mkurugenzi.

Na kweli ilikuwepo ya kuitwa Mkurugenzi, kazi yake kuzisimamia programu zinazosimamia programu nyingine. Iliomba ruhusa ya kamera, ya majina ya watu, ya kujua ulipo na ya kuonekana juu ya kila kitu. Meneja alibonyeza "kubali" mara saba bila kusoma, kwa kasi ya mtu anayejua ofisi.

— Mimi nilitaka ipokee tu, alisema Pindo kwa sauti ndogo.

Hatukumsikia vizuri. Vocha na Meneja walikuwa wanabishana kama Mkurugenzi huwa anaanza kazi papo hapo au mpaka uizime simu uiwashe. Mimi nilikuwa naangalia theluji.

Saa nne kamili simu ikaita.

Kwenye kioo ulitokea uso wa mwanamume mwembamba, mvi pembeni, pua ile ile ya Pindo. Nilimwona kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha Mkurugenzi akaja juu ya kila kitu, kama alivyoruhusiwa, akiwa na tangazo: Simu yako ni nzito? Ongeza kasi sasa. Pembeni kulikuwa na alama ya kufungia, ndogo kuliko tundu la sindano, na namba zinazohesabu kurudi nyuma. Tano. Nne. Chini ya tangazo simu bado ilikuwa inaita. Pindo alibonyeza ile alama kwa kidole gumba kilichokomaa kwa miaka ya kusukuma sindano, kidole kikagusa pembeni, tangazo likampeleka kwenye ukurasa wa kupakua programu nyingine. Akarudi nyuma. Theluji. Akarudi tena. Chombo cha angani kikapaa. Mlio ukakatika.

Kisha yakaja maandishi ya kijani: Hongera, programu 14 zisizo za lazima zimefungwa. Ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ile ya kupigia video.

Kahawa ilichemka ikamwagikia mkaa, na hakuna aliyeinuka kuitoa.

— Atapiga tena, alisema Vocha.

— Hapigi, alisema Pindo. Mimi mwenyewe nisingepiga.

Tukasubiri dakika kumi. Simu ilitetemeka mara moja, Pindo akaruka, kumbe Pooza inamjulisha kuwa hali ya hewa ndani ya simu ni nzuri. Alisimama, akaingia ndani, akaketi nyuma ya cherehani bila kukanyaga pedali. Nje Meneja alisema tatizo ni mtandao. Vocha akasema tatizo ni Meneja. Meneja akasema simu ile ilishachoka tangu ikiwa dukani. Nami nilinyamaza, kwa sababu theluji ilikuwa yangu.

Ndipo alipofika mama mmoja ambaye hatukuwahi kumwona, na gauni la bluu mkononi, anataka lipunguzwe urefu. Alisimama mlangoni, akamtazama Pindo, kisha akatugeukia sisi.

— Fundi anaumwa?

Vocha akamweleza. Alianza na ramu, akapita kwenye asilimia, akafika kwa Mkurugenzi, na kila alipotua Meneja alimrekebisha. Mama yule alisikiliza yote bila kukatiza, gauni likiwa mkononi. Walipomaliza, hakuuliza habari ya simu hata kidogo.

— Huyo mdogo mtu, neno aliambiwa na nani?

Jibu likatoka ndani.

— Na mimi.

— Na kumbe leo ilikuwa apige yeye. Kwa nini?

Alikuwa anauliza kweli. Sauti yake haikuwa ya kumsuta mtu. Vocha aliangalia meza yake ya makava. Meneja akapangusa vumbi la kwenye goti ambalo halikuwa na vumbi. Mimi nikajaribu kukumbuka kama katika miaka yote ya benchi lile nimewahi kumuuliza Pindo jambo hilo, na sikuwahi. Nilimuuliza habari ya basi. Nilimuuliza kaburi lilikuwa wapi.

Tukasikia stuli inasogezwa ndani, Pindo akatoka na simu.

— Vitoe, alimwambia Vocha. Vyote.

Kuvitoa kulikuwa kazi kuliko kuviweka. Kasi Juu iliuliza kama ana uhakika. Safisha Chap ikauliza tumekukosea nini, ikatoa sababu tano za kuchagua. Mkurugenzi hakutaka kutoka mpaka anyang'anywe ruhusa zake moja moja, na Meneja ndiye aliyezinyang'anya, mara saba, safari hii akisoma. Pooza niliitoa mimi.

Simu ikarudi kama ilivyokuwa asubuhi. Pindo aliibonyeza, ikafikiria kidogo, ikafunguka. Hakwenda kwenye video. Alitafuta namba ambayo binti alimwandikia, akapiga ya kawaida, spika wazi, akasimama ameshika ukingo wa mlango.

Iliita muda mrefu. Kisha sauti, nzito kidogo, ya mtu aliyekuwa amelala au anajifanya.

— Haloo.

— Ni mimi, alisema Pindo. Kaka yako.

Pindo aliisogeza simu karibu zaidi na mdomo.

— Nilidhani umenikatia, ilisema ile sauti.

— Sikukukatia. Nilikuwa... Pindo alitutazama sisi watatu pale benchini. Nilikuwa nasafisha simu.

— Unasafisha simu saa nne, na unajua nakupigia?

— Nilitaka nikusikie vizuri.

Upande wa pili kikatoka kitu ambacho kwanza nilidhani ni kikohozi. Kikohozi kilikuwemo, lakini kilikuwa kimechanganyika na kicheko. Pindo hakucheka. Alivua futi shingoni, akaizungusha mkononi mara mbili tatu.

— Lile neno la siku ile, alisema. Sikiliza. Lile neno.

Meneja alijisogeza mbele asikie vizuri. Nilimshika shati, nikamvuta, nikamsukuma Vocha kuelekea kwenye mwavuli wake. Pindo akaingia ndani na kurudisha mlango nusu. Mama yule alikuwa ameshaketi benchini, upande wa bati zima, gauni la bluu limelala magotini, hana haraka. Nilimmiminia kahawa iliyobaki.

Gauni lake alilifuata kesho yake.